Kujiandaa na mlipuko wa ugonjwa Mbeya: modeli ya makundi, ya njia au ya mtu mmoja mmoja?

Timu ya afya ya halmashauri ikitaka kuigiza mlipuko wa ugonjwa kwenye kompyuta kabla haujatokea, itakuta aina tatu za modeli zinazotumika sana duniani. Ya kwanza inagawa wakazi katika makundi kulingana na hali yao ya ugonjwa. Ya pili, ya njia, inachukua makundi hayo hayo, ikayaweka katika miji na kata mbalimbali, kisha ikaziunganisha kwa safari za watu. Ya tatu inamtengeneza kila mkazi peke yake: umri wake, kaya yake, shule au kazi yake, na watu anaokutana nao. Programu za aina zote tatu zinapatikana bure. Kwa hiyo gharama haiko kwenye leseni, iko kwenye takwimu, kwenye mtu wa kuziendesha, na kwenye muda.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa Mbeya, anza na makundi, kwa sababu yanafundisha na yanatoa jibu siku hiyo hiyo. Nguvu kubwa iende kwenye modeli ya njia, kwa sababu jiji hili limekaa juu ya barabara na reli kuliko miji mingi ya Tanzania. Modeli ya mtu mmoja mmoja iwekewe maswali machache ambayo mbili za kwanza haziwezi kuyajibu.

Makundi: hesabu inayoingia kwenye laptopu yoyote

Kazi hii ilianza zamani. Mwaka 1927 William Kermack na Anderson McKendrick, wakiwa Edinburgh, walichapisha milinganyo inayogawa watu katika wasio na kinga, wagonjwa, na waliopona au kufariki. Waliijaribu kwa takwimu za tauni ya Bombay ya 1905 na 1906. Magonjwa yenye siku kadhaa za kuatamia huongezewa kundi la nne, la walioambukizwa lakini bado hawaambukizi wengine. Huhitaji kompyuta kubwa. Jedwali la Excel linatosha, na mwanafunzi wa chuo anayejua lugha ya kuandikia programu kama R au Python ataiandika kwa mchana mmoja.

Faida yake utaiona ukiweka namba za kwetu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya laki tano jijini Mbeya, basi tuchukue 540,000. Tuseme umekuja ugonjwa wa njia ya hewa ambao hakuna mwenye kinga dhidi yake, na kila mgonjwa huambukiza wastani wa mtu mmoja na nusu, yaani R ni 1.5. Modeli ya makundi matatu inasema kwamba bila hatua yoyote, asilimia 58 ya wakazi wataambukizwa hadi mlipuko uishe, na kilele chake kitakuwa na wagonjwa wapatao 34,000 kwa wakati mmoja. Sasa punguza R hadi 1.3 kwa hatua za kawaida: kunawa mikono, wagonjwa kubaki nyumbani, madirisha ya daladala kufunguliwa. Walioambukizwa wanashuka hadi asilimia 42, lakini kilele kinashuka hadi kama 15,600, yaani chini ya nusu.

Tofauti hiyo ndiyo ya kupeleka kwenye kikao cha bajeti. Hospitali ya Rufaa ya Kanda haijazwi na jumla ya wagonjwa wa miezi yote. Inajazwa na wale wanaofika wiki moja, na wengi wao wanatoka nje ya jiji, kwa kuwa kanda nzima inaitegemea. Hatua inayoonekana ndogo mtaani inaweza kukata nusu ya mahitaji ya vitanda na oksijeni katika wiki mbaya kuliko zote. Mjumbe wa baraza la madiwani anayeona namba hizo mbili pamoja haelezwi mara ya pili.

Kwa surua, hesabu ni fupi zaidi. R yake hutajwa kuwa kati ya 12 na 18, na kiwango cha kinga kinachohitajika ili isienee ni moja toa moja kwa R: kati ya asilimia 92 na 94. Chanjo ya surua na rubella hutolewa katika miezi 9 na 18. Kata ambayo watoto wengi wamekosa dozi ya pili haihitaji modeli ya kifahari kuambiwa kwamba iko hatarini.

Kasoro kubwa ya makundi ni kwamba watu wote wanachanganywa kwenye chungu kimoja kinachokorogwa bila kukoma. Mama wa Iyunga anahesabiwa kuwa na nafasi sawa ya kukutana na mtu wa Uyole kama ya kukutana na jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Kwa sababu hiyo asilimia 58 ichukuliwe kuwa ya juu kuliko itakavyokuwa. Kasoro ya pili ni kwamba milinganyo ya kawaida haina bahati ndani yake: R ikizidi 1, mlipuko utatokea tu, hata kama ameingia mgonjwa mmoja. Hali halisi haiko hivyo, na nitalirudia jambo hili kwenye njia.

Kipindupindu kinahitaji marekebisho. Claudia Codeço aliandika mwaka 2001 modeli yenye kundi la ziada ambalo si la watu: wingi wa vimelea kwenye maji. Mgonjwa anachafua maji, na maji yanaambukiza watu. Kwa jiji ambalo mito midogo inashuka toka milimani na kupita katikati ya makazi, usitumie modeli ya kipindupindu isiyo na sehemu ya maji. Itakuelekeza kutenga wagonjwa wakati ulitakiwa kutibu maji.

Njia: hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini zinapotofautiana

Tazama ramani. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapita Iringa, Mafinga, Makambako, Uyole, Mbeya mjini na Mbalizi, kisha inaishia Tunduma ambako malori hupanga foleni. Uyole barabara inachepuka kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi. Makambako nayo inachepuka kwenda Njombe na Songea. Juu ya hayo ipo TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na Mbeya ni kituo chake kikubwa. Hakuna modeli ya Mbeya peke yake inayoweza kuwa kamili, maana mlipuko wa Mbeya una uwezekano mkubwa wa kuanza mahali pengine.

Ushahidi uko karibu. Kipindupindu cha Malawi kilichoanza Machi 2022 kilifika wilaya zote 29 za nchi hiyo, ikiwamo Karonga inayopakana na Kyela, na kiliua zaidi ya watu 1,700. Zambia mlipuko wake ulianza Oktoba 2023 na kitovu chake kikawa Lusaka, hadi uwanja wa Heroes ukageuzwa kituo cha matibabu. Barabara inayotoka huko inaishia Nakonde, na kutoka Nakonde kwenda Tunduma ni kuvuka tu.

Modeli ya njia inaweka makundi yale yale katika kila mji, kisha inahamisha sehemu ndogo ya watu kila siku kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Swali lake kuu ni muda: ugonjwa ukianza Lusaka au Dar es Salaam, Mbeya ina wiki ngapi? Na baada ya Mbeya, nani anafuata, Iringa au Kyela? Hayo ni maswali ya maandalizi hasa, kwa sababu dripu, klorini na wahudumu hupelekwa kabla, si baada.

Humu pia ndimo bahati inapoingia. Tuseme kila mgonjwa huambukiza wastani wa watu wawili. Akishuka mgonjwa mmoja stendi kuu ya Mbeya, modeli rahisi yenye bahati ndani yake inatoa nusu kwa nusu: nusu ya majaribio mnyororo unakatika wenyewe, nusu unakuwa mlipuko. Wakishuka watatu kwa nyakati tofauti, uwezekano wa minyororo yote kukatika ni asilimia 12.5. Wakishuka watano, ni kama asilimia 3. Kwa hiyo kupunguza idadi ya wagonjwa wanaoingia kutoka watano hadi mmoja kunabadilisha kila kitu, wakati kuwapunguza kutoka hamsini hadi arobaini hakubadilishi kitu. Upimaji na elimu mpakani Tunduma vina thamani kubwa mwanzoni kabisa. Baadaye, nguvu hiyo hiyo ina kazi zaidi ikipelekwa kwenye vituo vya matibabu. Modeli ya makundi peke yake isingekuonyesha hilo.

Tatizo liko kwenye namba za safari. Wengi huanza na kanuni ya mvutano: safari kati ya miji miwili huongezeka kadiri miji inavyokuwa na watu wengi, na hupungua kadiri inavyokuwa mbali. Kwa Mbeya na Iringa inafaa. Kwa Tunduma inadanganya, kwa sababu kanuni inaona mji wa ukubwa fulani na haioni mpaka, madereva wanaolala foleni, wabadilisha fedha, wala wachuuzi wanaovuka kwenda na kurudi siku nzima. Ukiitumia ilivyo, Tunduma itaonekana mji wa kawaida. Inabidi irekebishwe kwa takwimu za magari na wasafiri wanaorekodiwa mpakani.

Simu zinaweza kusaidia. Mwaka 2012 watafiti walichapisha kazi iliyotumia takwimu za laini karibu milioni 15 za Kenya kuonyesha jinsi safari za watu zinavyosambaza malaria, na Zanzibar jambo kama hilo lilifanyika mapema zaidi, mwaka 2009. Lakini ukifikiria Tunduma utaona shimo: mtu akivuka anabadili laini, na safari yake inakatika kwenye rekodi pale pale tulipotaka kuiona. Watoto hawana laini, na baadhi ya watu wazima wana tatu. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka utaratibu unaoeleweka. Omba jumla za safari kati ya wilaya na wilaya, usiombe rekodi za mtu mmoja mmoja. Jumla zinatosha kwa modeli hii.

Tahadhari moja kuhusu zana zilizo tayari. GLEAM, iliyoendelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern na wenzao, ni modeli ya njia ya dunia nzima, na uti wa mgongo wake wa safari ndefu ni ndege. Kwa London na New York hilo ni sahihi. Kwa Nyanda za Juu Kusini, ugonjwa utakuja kwa basi, lori na treni kabla ya kushuka Uwanja wa Ndege wa Songwe. Ukichukua zana kama hiyo bila kuongeza barabara zetu, Mbeya itaonekana iko mbali na salama.

Usisahau majira. Safari za Desemba si za Machi. Mwezi Agosti viwanja vya John Mwakangale hupokea watu wa kanda nzima kwa maonyesho ya Nanenane. Shule zikifunguliwa Januari na Julai, mabasi hubeba wanafunzi kwenda mabwenini. Mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe yana vibarua wanaokuja na kuondoka. Modeli yenye wastani mmoja wa mwaka mzima inafuta vilele hivyo, na vilele hivyo ndivyo vinavyobeba ugonjwa.

Mtu mmoja mmoja: yenye uwezo mkubwa na njaa kubwa ya takwimu

Mfano unaotajwa sana ni EpiSims, iliyotokana na kazi ya maabara ya Los Alamos na kuelezwa mwaka 2004 kwenye jarida la Nature. Watafiti walitengeneza wakazi wa kubuni wa jiji la Portland, Marekani, wakawapa nyumba, kazi na ratiba za siku, kisha wakaingiza ndui. Walionyesha kwamba ugonjwa ukigunduliwa mapema na chanjo ikaelekezwa kwa wanaohusika, mlipuko unaweza kuzuiwa bila kuchanja jiji zima. Jibu la aina hiyo, nani hasa achanjwe na mahali gani pafungwe, ndilo linaloihalalisha modeli hii.

Portland ilikuwa na takwimu za kina za safari za kila siku, zilizokusanywa kwa ajili ya mipango ya barabara. Kwetu sensa inatoa umri na ukubwa wa kaya kwa kata, na shule zina orodha za wanafunzi. Kinachokosekana ni nani anakutana na nani. Modeli nyingi huazima utafiti wa nchi nane za Ulaya uliochapishwa mwaka 2008, na hapo ndipo pa kuwa makini: nyumba ya Mwanjelwa yenye bibi, wajukuu na wapangaji wa chumba kimoja kimoja haifanani na nyumba ya Ubelgiji. Afrika Mashariki upo utafiti wa Kilifi, uliochapishwa 2014, ambao watu waliandika kwenye daftari kila waliyekutana naye. Uazimeni huo kwanza, kisha fanyeni wenu mdogo katika kata mbili tatu.

Kompyuta yenyewe si kikwazo kikubwa siku hizi. Wakazi wote wa Mbeya wanaweza kuingia kwenye mashine ya kawaida kwa kutumia zana kama Covasim, iliyoandikwa mwaka 2020, au NetLogo kwa mfano mdogo wa kujifunzia. Ila kuiendesha modeli mara moja tu hakuna maana. Inabidi irudiwe mara mamia, kila mara bahati ikibadilika, na matokeo yote yaonyeshwe kwa upana wake.

Ninachokihofia zaidi ni ramani yake. Nukta nyekundu zinazotembea kati ya Soweto, Kabwe na soko la SIDO zinaaminiwa kuliko zinavyostahili, kwa kuwa kiongozi anaona jiji lake. Nyuma ya nukta kunaweza kuwa na vigezo themanini, sitini kati yavyo vikiwa vya kukisia. Jedwali la makundi halimdanganyi mtu kwamba linajua mtaa wake.

Hata hivyo pana mahali ningeichagua bila kusita: shule za bweni. Iringa na Njombe zina shule nyingi za aina hiyo, na swali lao ni la mtu na chumba. Tukitenga bweni moja kwa siku kumi, tunazuia nini? Tuwarudishe wanafunzi nyumbani, au tutakuwa tumesambaza ugonjwa vijijini kwa mabasi? Wanafunzi mia nane, mabweni yanajulikana, madarasa yanajulikana, ratiba ya bwalo ipo ukutani. Takwimu karibu zote ziko ofisi ya mkuu wa shule, na modeli inatoshea NetLogo.

Zikiwekwa pamoja

| | Makundi | Njia | Mtu mmoja mmoja |
|---|---|---|---|
| Swali linalojibiwa | Vitanda vingapi, kilele lini | Ugonjwa utafika lini, wapi kwanza | Nani achanjwe, wapi pafungwe |
| Takwimu za lazima | Idadi ya watu, R, muda wa kuugua | Hizo, pamoja na safari kati ya miji | Hizo zote, pamoja na kaya, shule na mikutano ya watu |
| Muda wa kuijenga | Siku | Wiki kadhaa | Miezi, isipokuwa ya shule moja |
| Inapodanganya | Huona wote sawa, hukuza jumla | Safari zikiwa za kukisia | Ramani nzuri juu ya vigezo vya kukisia |

Kuna njia nyingine mbili ambazo nazitaja kwa kifupi. Utabiri wa kitakwimu, unaofuata mwenendo wa ripoti za wiki zilizopita, unafaa kwa wiki mbili tatu mbele ugonjwa ukiwa umeshaanza, lakini haujui chochote kuhusu ugonjwa ambao haujafika. Nalo zoezi lisilo na kompyuta, la mezani au la uwanjani, linaonyesha nani hapokei simu na ufunguo wa stoo uko kwa nani. Juni 2019 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliendesha zoezi la uwanjani Namanga, kwa mlipuko wa kubuni wa homa ya Bonde la Ufa. Tunduma na Kasumulu zinastahili la namna hiyo, na modeli ya njia ndiyo ingeliandikia hadithi yake: wagonjwa wangapi, siku gani, wakitokea wapi.

Modeli yoyote utakayoichagua, muombe mjenzi wa modeli akuonyeshe matokeo matatu badala ya moja: hali nzuri, ya kati na mbaya, kila moja ikiwa na masharti yake. Septemba 2014 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilikadiria kwamba Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikia wagonjwa milioni 1.4 wa Ebola ifikapo Januari 2015, iwapo hakuna kitakachobadilika. Mlipuko mzima wa Afrika Magharibi uliishia na wagonjwa wapatao 28,600. Sharti la "iwapo hakuna kitakachobadilika" lilikuwemo kwenye ripoti, lakini magazeti mengi yalibeba namba peke yake, na watu walibadilika: mazishi yalibadilika, misaada ikafika. Namba ya modeli isitoke ofisini bila sharti lake.

Kwa jiji la Mbeya, ningepanga hivi. Mtaalamu wa takwimu wa halmashauri na vijana wawili kutoka chuo kikuu cha hapa hapa wajenge makundi kwanza, kwa kipindupindu chenye sehemu ya maji na kwa ugonjwa mmoja wa hewa. Kisha waunganishe Tunduma, Mbeya, Kyela, Makambako na Iringa kwa njia, wakianza na idadi ya mabasi na abiria wanaohesabika stendi na mpakani. Ya mtu mmoja mmoja wasiiguse mwaka wa kwanza. Kwa manispaa ya Iringa mpangilio unageuka kidogo: makundi, halafu modeli ya shule moja ya bweni kama kielelezo cha nyingine, na njia wazichukue kutoka Mbeya bila kuzijenga upya, kwa kuwa barabara ni ile ile.

Kazi ianze mapema baada ya Nanenane. Mvua huku huanza Novemba, na matokeo ya kipindupindu yanatakiwa yawe mezani kwa mganga mkuu wa jiji kabla ya hapo, ili klorini iagizwe. Matokeo ya vitanda na oksijeni yanaweza kusubiri kidogo, lakini yasichelewe kuingia kwenye rasimu ya bajeti ya mwaka unaoanza Julai.